Mafuta Hayazibi Utando wa Seli: Ndiyo Utando Wenyewe

SWALI: Daktari, nina kisukari cha aina ya pili na huu ni mwaka wa tatu natumia vidonge. Nimeuziwa unga wa mimea nikaelezwa kwamba sukari yangu haishuki kwa sababu kuta za seli zimezibwa na mafuta, na kwamba unga huo huyayeyusha na kuzibua matundu ili sukari ipite. Je, ni kweli? Na je, niache kabisa kula mafuta?

JIBU: Ndugu msomaji, si kweli, na maelezo hayo nayasikia mara kwa mara kutoka kwa wagonjwa ambao tayari wamekwisha kutoa fedha zao. Kinachoniudhi kuliko unga wenyewe ni picha inayouzwa pamoja nao, kwamba seli ni kama chujio na mafuta ni uchafu ulioganda juu yake. Utando wa seli (nao ni utando, kwani kuta za seli ni za mimea, kuvu na bakteria, si za binadamu) umejengwa kwa mafuta. Molekuli za fosfolipidi, aina ya mafuta yenye kichwa kipendacho maji na mikia miwili inayoyakwepa, hujipanga safu mbili, mikia ikielekeana katikati na vichwa vikigusa maji ya nje na ya ndani. Mwaka 1925, Gorter na Grendel wa Uholanzi walitoa mafuta kwenye seli nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji, wakaona yanafunika eneo la takriban mara mbili ya uso wa seli zenyewe; hapo ndipo hoja ya safu mbili ilipoanzia. Hata kolesteroli, inayolaaniwa kila mahali, ina kazi humo: hukaa katikati ya fosfolipidi na kuuzuia utando usilegee kupita kiasi.

Kwa hiyo mtu anayejisifu kwamba dawa yake huyeyusha mafuta ya utando hajui anachokisema. Vitu vinavyoyeyusha mafuta hayo vipo, na sabuni ni kimojawapo. Chukua mrija wa kioo wenye seli nyekundu za damu ndani ya maji ya chumvi ya asilimia 0.9, nawe utaona kimiminika kizito cha ukungu mwekundu ambacho huwezi kusoma maandishi yaliyo nyuma yake. Dondosha humo sabuni kidogo. Baada ya muda mfupi ukungu unatoweka na maandishi yanasomeka kupitia wekundu ulio wazi, kwa kuwa tando zimevunjika, seli zimekufa na hemoglobini, protini nyekundu inayobeba oksijeni, imemwagika yote. Huko ndiko kuyeyusha mafuta ya seli.

Sukari nayo haipiti katika mafuta hayo hata kidogo, yawe machache au mengi. Glukosi, yaani sukari ya damu, hupenda maji, hivyo huvuka utando kwa kubebwa na protini maalumu zilizochomekwa humo. Katika misuli, protini iitwayo GLUT4 huwekwa akiba ndani ya seli, kwenye vifuko vidogo. Insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, inaposhika kipokezi chake upande wa nje, ujumbe hupita ndani, vifuko husogea na kuungana na utando, na hapo milango hujitokeza. Katika kisukari cha aina ya pili ujumbe huo hufika ukiwa dhaifu, na milango iliyopaswa kuletwa juu hubaki ndani. Hakuna tundu lililoziba ambalo mtu anaweza kulizibua.

Ushahidi unao wewe mwenyewe katika majibu yako ya maabara. Kipimo cha HbA1c husoma sukari iliyojishikiza kwenye hemoglobini kwa takriban miezi mitatu iliyopita, na hemoglobini imo ndani ya seli nyekundu. Sukari hiyo iliingiaje, kama tando zimezibwa? Iliingia kwa sababu seli hizo zina milango isiyongoja insulini.

Mafuta yanayohusika kweli ni yale yanayolimbikizana ndani ya seli za misuli na ini, ambayo hudhoofisha ujumbe wa insulini. Ndiyo maana kupunguza uzito husaidia, na ndiyo maana kutembea husaidia, kwani misuli inayofanya kazi huileta GLUT4 juu hata bila insulini. Lakini usiyaache mafuta yote. Zipo asidi za mafuta ambazo mwili hauwezi kuziunda, na seli huzihitaji kujengea tando hizo hizo.

Wauzaji wa aina hii hawaishii kwenye kisukari. Leo ni unga wa kuzibua, kesho ni maji ya pekee yanayodaiwa kupenya seli kuliko maji mengine, ilhali maji yoyote yana milango yake, akwaporini, ugunduzi uliompa Peter Agre Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003. Kila anapotajiwa kusafisha seli, mgonjwa aulize ni molekuli gani, inashika protini ipi, na ilipimwa kwa nani.

Vidonge vyako usiviache wala usivipunguze. Unga huo upeleke, na kifungashio chake, kwa anayekutibu, kwa maana dawa za mitishamba za kisukari zimewahi kukutwa zimechanganywa kwa siri na dawa halisi za kushusha sukari. Ukiutumia na sukari ikaporomoka ghafla, ukatetemeka na kutokwa jasho, kula kitu chenye sukari papo hapo na uende hospitali siku hiyo hiyo.