Fundi Anajibu: Kwaya yetu inakwaruza kwenye simu

SWALI: Shikamoo fundi. Naimba sauti ya nne kwenye kwaya yetu hapa Uyole. Tumerekodi nyimbo sita na nimeziweka kwenye simu yangu ya Android. Kwenye ikwalaiza, ile sehemu ya kupandisha na kushusha besi na sauti nyembamba, nikichagua Rock, besi inakuja lakini hedifoni zinakwaruza. Nikachagua Classical nikidhani ndiyo ya kwaya, waimbaji wakawa kama wako chumba cha pili. Nichague ipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nilianza kazi hii Mwanjelwa, Mbeya, kabla soko halijaungua mwaka 2006, na mpaka leo simu nyingi ninazoletewa kwamba spika imekufa, spika ni nzima. Kilichoharibika ni mpangilio.

Hayo majina unayoyaona, Rock, Jazz, Pop, ni mistari mitano ambayo mtu ameshaipandisha na kuishusha kwa niaba yako. Mtu huyo hajawahi kuisikia kwaya yenu wala hazijui hedifoni zako. Kwenye ikwalaiza ya asili ya Android mistari hiyo ni hezi 60, 230, 910, 3,600 na 14,000. Hezi ni mitetemo ya sauti kwa sekunde: ikiwa michache sauti ni nzito, ikiwa mingi ni nyembamba. Ile 60 ni mtikisiko wa sabufa unaoupata kifuani. Ile 14,000 ni mchachariko wa matoazi.

Sasa wapange wenzako humo. Wewe wa sauti ya nne ukishuka chini kabisa unafika karibu na hezi 80. Dada wa sauti ya kwanza akipanda mpaka amefumba macho, anakaribia 900. Kwaya nzima imekaa hapo katikati. Herufi kama s na t, ambazo ndizo zinazokufanya uyashike maneno, ziko juu zaidi, upande wa ule mstari wa 3,600.

Fungua Rock uitazame vizuri: 60 imepanda desibeli 5 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), 14,000 nayo imepanda 5, na 910 imeshushwa 1. Classical ndiyo imewaonea zaidi, imeishusha 910 desibeli 2 huku mistari mingine yote ikipandishwa. Hata Normal si ya kawaida kama jina lake, ncha zake mbili zimepandishwa desibeli 3. Isiyoguswa kabisa ni Flat. Pop, ambayo wanakwaya wengi wanaipita kwa sababu ya jina tu, imeinua 910 kwa desibeli 5 na kushusha ncha zote mbili. Anzia hapo. Ila kuna simu ambazo mtengenezaji amebadilisha mipangilio hii, kwa hiyo amini mistari unayoiona kwa macho, usiamini jina.

Tuje kwenye kukwaruza. Wimbo uliorekodiwa siku hizi mara nyingi ni gunia lililojaa mpaka mdomoni. Ukiongeza desibeli 5 juu yake, umepiga lumbesa. Gunia la viazi hubeba lumbesa, tunaona kila siku barabarani, lakini sauti ya kwenye simu haibebi. Kinachozidi ukingo kinakatwa, na huko kukatwa ndiko unakokusikia kama kukwaruza. Tena desibeli 3 tu ni kudai nguvu maradufu, 10 ni mara kumi.

Pop nayo inapandisha, kwa hiyo ikikwaruza, panga mistari mwenyewe. Mimi kwa kwaya nashusha, sipandishi. Acha 910 kwenye sifuri. Shusha 60 kwa desibeli 4, 230 kwa 2, 3,600 kwa 1, na 14,000 kwa 3. Sauti itapungua kidogo, hapo ndipo uongeze kwa kitufe cha pembeni. Kama bado besi yako mwenyewe imefichika, irudishe 230 taratibu, si 60.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja kibandani, anataka spika mpya. Nikakuta mistari yote mitano imegonga dari. Nikaipanga kama nilivyokueleza, nikampa simu. Akaiweka sikioni, akasikiliza ubeti mzima kimya, kisha akasema, "Huyo wa sauti ya pili ni mdogo wangu." Miaka yote alikuwa hajawahi kumsikia kwenye rekodi ile. Spika sikumuuzia.

SWALI: Fundi, huku Tukuyu mvua ikianza kupiga bati, redio ya kwenye simu siisikii kabisa hata nikiweka besi ya mwisho. Situmii hedifoni. Nifanyeje?

JIBU: Pole, dada yangu, mvua ya huko naijua. Besi ndiyo inayokuangusha. Kispika cha simu ni kidogo mno, hezi 60 hakiwezi kuitoa hata ukilazimisha, kinaishia kutetemeka bure. Sikio la binadamu linasikia kwa wepesi zaidi kati ya hezi 2,000 na 5,000, kwa hiyo shusha 60 na 230 mpaka chini, kisha pandisha 3,600 desibeli 3. Kisha simamisha simu ndani ya bakuli la udongo, spika ikielekea chini. Mtangazaji atasikika kama anaongea kwa pua kidogo, lakini maneno utayapata.

SWALI: Habari za kazi fundi. Niko Kihesa, Iringa. Nikiunganisha simu na sabufa kwa Bluetooth, nabadilisha ikwalaiza wala hakuna kinachobadilika.

JIBU: Salama kabisa, kaka. Kwenye baadhi ya simu ikwalaiza haifuati Bluetooth, hufanya kazi kwenye hedifoni za waya tu. Tafuta ile iliyo ndani ya programu yenyewe ya kupigia muziki, nyingi zinayo. Ikikubali, rudisha kitufe cha besi cha sabufa katikati kwanza. Watu wanapandisha besi huku na huku, halafu wanalaumu sabufa.

SWALI: Mwanangu wa kidato cha pili analala na hedifoni masikioni, besi inasikika mpaka kwangu. Je, ikwalaiza inaweza kumharibu masikio? Mama, Makambako.

JIBU: Mama yangu, kinachoumiza sikio ni ukubwa wa sauti na muda. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 zisizidi saa 40 kwa wiki, na zikifika 90 ni saa 4 tu. Ikwalaiza inaingia kwa njia ya pembeni: besi ikizidi inamfunika mwimbaji, mtoto anaongeza sauti ili amsikie, na besi nayo inaongezeka. Mwekee Flat leo jioni. Halafu wewe kaa jikoni umwite kwa sauti yako ya kawaida, naye apunguze mpaka aitike. Hapo ndipo pa kuishia, na usiku hedifoni zilale mezani.