Ubongo "unajizuia" au "unaghairi"?

Swali: Mwalimu, niliandika "ubongo ulijizuia kusogeza mkono", mwenzangu kanisahihisha eti niseme "ulighairi". Nani yuko sawa?

Jibu: Wote mmekaribia ila hamjafika. Hiyo -ji- inarudisha tendo kwa mtendaji mwenyewe, kama mtu anavyojikata au anavyojisifu, sasa hapa ubongo haukujizuia, uliuzuia mkono. Ukimtaja mtu sema "nilijizuia", ukiutaja ubongo sema "uliuzuia mkono", basi.

Kughairi nako ni habari ya nia. Unaghairi safari ukiwa bado umekaa kwenye kiti. Lakini mkono ulioshaamriwa kubonyeza kitufe halafu taa ikageuka nyekundu ghafla, mwendo wake haughairiwi, unasitishwa, na mimi neno hili nalipenda sana kwa sababu linagusa kitu ambacho amri yake ishatoka, ndo maana tunasema kusitisha mapigano. Watafiti Gordon Logan na William Cowan mwaka 1984 walilieleza jambo hili kama mbio, amri ya "fanya" inakimbizana na amri ya "simama", inayomaliza kwanza ndo inashinda. Hiyo ya kusimama kwa mtu mzima mwenye afya inachukua kama milisekunde 200 hivi, yani sehemu ya tano ya sekunde, ikichelewa hapo kidole kishabonyeza na maji yakishamwagika hayazoleki. Kwa hiyo andika: "Ubongo ulisitisha mwendo wa mkono."

Kuna kitu hujauliza ila naomba ukishike. Ndani kabisa, chini ya gamba la ubongo, kuna vikundi vya seli za neva ambavyo breki yao imefungwa muda wote hata ukiwa umetulia tu, na ukitaka kusogea ndo inaachiwa. Hapo usiandike "vinazuia" kama vile vimeanza sasa hivi, andika "vimezuia", maana -me- inabeba hali iliyopo na inayoendelea, sawa na mlango umefungwa.

Na mgonjwa wa Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo), ambaye breki hiyo haiachii vizuri, nakutana sana na sentensi "anasita kutembea" na inaniuma kila nikiiona. Kusita kuna shaka ndani yake. Yeye hana shaka yoyote, anataka kwenda, ila mguu ndo haunyanyuki, sasa mwandikie hivyo hivyo: anataka kutembea, mguu umegoma.