Barua kwa Mwanangu: Kuhusu Uhamisho wa Chuo

Donholm, Nairobi

Mwanangu mpendwa,

Jumapili uliniuliza kama si afadhali uombe uhamisho hadi chuo chenye ushindani mdogo, kwa kuwa umepangiwa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Nairobi kwa pointi za chupuchupu, nawe unahofia kukaa darasani na vijana wa shule za kitaifa waliozoea maabara ambazo shule yako ya kutwa haikuwa nazo. Sikukujibu papo hapo kwa sababu sikutaka mapenzi ya mzazi yajibu badala yangu.

Hofu hiyo hata wasomi wanayo. Mwaka 2004 Richard Sander, profesa wa sheria huko California, alidai kwamba wanafunzi Weusi wa Marekani waliopokelewa na vyuo vya sheria vilivyozidi maandalizi yao waliumia kuliko kama wangesoma kwingine, na wenzake wakazipinga vikali hesabu zake. Mimi naegemea ushahidi wa jimbo hilohilo. Wapiga kura walipozuia, mwaka 1996, vyuo vya umma kuzingatia rangi ya mwombaji, waombaji wengi Weusi na wa asili ya Kilatini walisukumwa hadi vyuo vya ushindani mdogo. Mwanauchumi Zachary Bleemer alipowafuatilia, alikuta wanaohitimu wamepungua na mishahara imeshuka.

Kuhusu hao wa shule za kitaifa, wanauchumi Adrienne Lucas na Isaac Mbiti waliwalinganisha walioziingia kwa alama chache na waliozikosa kwa alama chache, wakaona matokeo yao ya KCSE hayapishani sana. Basi usilitetemekee jina la shule.

Kinachoangusha nakijua. Nilipoingia chuo cha ufundi sikuwa nimewahi kushika rula ya T, na mchoro wangu wa kwanza ulirudi na mstari mwekundu kutoka kona hadi kona, kwa kuwa nilichora kila kitu kwa penseli moja ya HB. Wiki ya saba ndipo mwenzangu wa chumbani aliponionyesha jinsi ya kuchonga 2H, penseli ngumu ya mistari myembamba, kwa wembe. Ningemuuliza mapema, nisingelirudia somo hilo (wala babu yako asingelipa ada mara mbili, jambo ambalo hakulisahau).

Ombi la uhamisho usilitume. Njoo Jumamosi na daftari zako za hesabu za kidato cha nne. Nashuku pengo liko kwenye kalkulasi, maana sura hiyo uliiandikia kurasa tatu tu.

Wako,
Baba