Maabara inasema maji ni safi, vyura wamenyamaza

SWALI: Shikamoo mama. Ninafundisha shule ya msingi huku Mufindi. Watu wamelima vinyungu (bustani za bondeni) vya nyanya mpaka ukingoni mwa mto wetu, na dawa ya wadudu hupulizwa kila wiki. Huu ni msimu wa pili usiku hatusikii vyura. Mwezi uliopita tulipeleka maji maabara kwenye chupa ya soda, tukajibiwa hayana tatizo. Tumwamini nani, maabara au vyura?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Waamini wote wawili, ila itazame tena karatasi uliyopewa. Kama ina pH (kiwango cha tindikali), tope, naitreti (chumvi itokayo kwenye mbolea) na vijidudu vya kinyesi tu, basi maabara ilijibu ilichoulizwa. Dawa ya nyanya haionekani kwenye vipimo hivyo. Hutafutwa kwa jina lake, kwa mashine ya kromatografia, ya gesi au ya kimiminika, inayotenganisha kemikali moja moja, kwa hiyo nenda na lebo ya dawa wanayotumia hapo kijijini.

Nilikuwa fundi wa maabara kwa miaka 26, na chupa za soda nilizipokea nyingi sana. Ziliniuma, maana mtu ametoka mbali na sampuli yake haifai: dawa nyingi hunata kwenye plastiki. Omba maabara wakupe chupa ya kioo ya rangi ya kahawia, ijaze pomoni, iweke kwenye barafu, ifike upesi. Usichote kiangazi maji yakiwa yametulia. Chota mtoni inaponyesha mvua ya kwanza baada ya watu kupuliza, mto unapogeuka rangi. Chota na tope la chini pia, kwa sababu maji hupita lakini tope hutunza.

Hilo la tope jirani zenu wa Kihansi wanalijua. Chura wa Kihansi, yule mdogo wa manjano anayezaa watoto badala ya kutaga, aliishi kwenye rasharasha za maporomoko ya mto Kihansi tu, dunia nzima. Bwawa la umeme lilipoyapunguza maji mwaka 2000, yakawekwa mabomba ya kunyunyizia. Juni 2003 vyura walikadiriwa kufika 20,000 hivi. Mwaka huohuo milango ya bwawa ikafunguliwa kusafisha tope, tope lililobeba dawa za mashamba ya mahindi ya juu. Januari 2004 wakaonekana watatu tu. Ugonjwa wa ngozi unaoletwa na kuvu nao ulikuwa umeingia, na watafiti wengi huupa lawama kubwa zaidi. Mimi naona si haki kulisahau tope. Chura hupumua kwa ngozi pia, na kinachopita majini humpitia yeye. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Tulibaki naye kwa sababu karibu 500 walishapelekwa Marekani kulelewa, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa.

Sasa, mwalimu, unalo darasa, na kazi hii haihitaji mashine. Nendeni kila mwezi palepale, mgeuze mawe kwenye maji yanayokimbia. Tafuteni mdudu bapa mwenye mikia mitatu kama nyuzi, na matamvua madogo ya kupumulia yanayopepea ubavuni. Huyo hukaa majini wiki kadhaa, hata miezi, kabla ya kuota mabawa, kwa hiyo anajua kilichopita usiku wa mvua chupa yako ikiwa kabatini. Mkikuta minyoo myekundu ya matope peke yake, ile inayovumilia maji machafu, andikeni hivyohivyo. Geuzeni mawe juu ya vinyungu na chini yake, mlinganishe. Tanzania tuna mfumo wa kuupa mto alama kwa wadudu wake, unaitwa TARISS.

Daftari hilo, pamoja na lebo, lipelekeni Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, Iringa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru mto, ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Pimeni kwa kamba mkiwa na mwenyekiti wa kijiji, na wenye vinyungu wawepo, maana nao wanakunywa humo.

Niandikie masika yakiisha. Nataka kujua mlikuta nini chini ya mawe.