Kadi ya sauti, ninunue au nibaki na ya mazabodi (bodi kuu ya kompyuta)?

Mdogo wangu wa Mikindani, kama ni kusikiliza miziki na kuangalia muvi tu, usiagize kadi Kariakoo. Sauti ya mazabodi nyingi za siku hizi inafika biti 24 (kipimo cha undani wa sauti), wakati CD yenyewe ni biti 16. Hela hiyo weka kwenye spika, hapo tofauti utaisikia kweli.

Lakini umesema unataka kurekodi kwaya yenu. Hapo ni habari nyingine. Maiki ya kondensa (aina inayohitaji umeme ili ifanye kazi) ya studio inataka volti 48, na tundu la kompyuta halitoi. Tafuta kadi ya nje ya USB yenye tundu la XLR (tundu la maiki lenye pini tatu) na inayotoa hizo volti 48. Ile ya kuchomeka ndani sikushauri, bado inakaa jirani na kadi ya picha na pawasaplai (kisambaza umeme cha kompyuta), kelele za umeme zinaifikia.

Leo usiku jaribu hivi, ujue kama sauti ya kompyuta yako inanasa kelele: vaa hedifoni, usicheze chochote, sogeza mausi huku na huku. Ukisikia mlio mwembamba unaofuata mausi, hamia tundu la nyuma. Waya wa tundu la mbele unapita ndani ya kasha lote na mara nyingi ndio unaonasa kelele. Kwa laptopu, chomoa chaja kwanza, kisha sikiliza tena.