Sarafu yangu ya heli ya 1913 imeshindwaje na kipande cheusi cha Kilwa?

Kaka, umelalamika heli yako, sarafu ya enzi ya Mjerumani, inang'aa kuliko zote kwenye mashindano ya sarafu pale Lindi, na bado imeshindwa. Mimi ningeamua vilevile. Kile kipande cheusi ni sarafu ya Ali bin al-Hasan, sultani wa Kilwa wa zamani; iligongwa kwa nyundo, haina hata mwaka. Ukingo kupinda si dosari. Kwa sarafu kama hiyo tunatazama maandishi. Upande mmoja jina la sultani, wa pili kumtegemea Mungu, na pande zote mbili zinaishia kina kimoja, -an, kama shairi! Ile yasomeka yote. Yako umeisugua kwa ndimu, sivyo? Taji lililochorwa juu yake limebaki kivuli. Ila nakuunga mkono kwa hili: sarafu za mashine, kama yako, zingewekewa kundi lake.