Je, Programu ya Chanzo Huria Hutumiwa Bila Malipo?

Swali: Mhariri, kampuni yetu inataka kutumia programu ya chanzo huria, yaani ile ambayo msimbo wake chanzo (maagizo yaliyoandikwa na watunga programu) uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadili na kuusambaza, katika shughuli zake za kila siku. Je, tunaruhusiwa kuitumia bila kulipa, au kuna ada itakayodaiwa baadaye?

Jibu: Mnaruhusiwa, hata kwa shughuli za biashara, kwa kuwa vigezo vya Open Source Initiative, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1998 na inayoamua leseni zipi ni za chanzo huria, haviruhusu leseni kubagua matumizi ya aina yoyote. Anayewapa nakala anaweza kutoza malipo kwa nakala hiyo au kwa huduma ya ufundi, lakini leseni yenyewe haidai ada.

Masharti huanza kuuma pale mnapoisambaza programu kwa wengine. Leseni ya MIT, mojawapo ya leseni za chanzo huria, hutaka tu tangazo la hakimiliki na maandishi ya leseni yabaki katika nakala. GPL, leseni nyingine ya aina hiyo, ni kali zaidi: mkiibadili programu na kuitumia ndani ya kampuni pekee, hamdaiwi chochote, ila mkimpa au mkimuuzia mteja, sharti apate pia msimbo chanzo chini ya leseni ileile. AGPL, leseni inayofanana na GPL, hulifikisha sharti hilo hadi kwa wanaoitumia programu mliyoibadili kupitia mtandao, jambo ambalo kampuni nyingi hulisahau.

Jihadharini na programu zinazoonyesha msimbo wake hadharani huku leseni ikikataza biashara. Hizo si za chanzo huria, hata zikitangazwa hivyo. Msimbo usio na leseni yoyote msiuguse kabla ya kupata idhini ya mwenyewe.